Gata za Chumba cha Mama

Nyumba yetu ya Mlabani inasafishwa gata mara mbili kwa mwaka, na sina mjadala na mtu kuhusu hilo. Mara ya kwanza ni mwezi wa kumi, mitiki ikishamaliza kumwaga majani, kabla mvua za kwanza hazijapiga. Mara ya pili ni mwezi wa pili, kabla masika hayajashika bonde lote. Fundi akija kuniambia mara moja inatosha, namwonyesha njia ya kwao. Itamtosha yeye, maana halali humu.

Nasema gata, ile mifereji ya bati inayoning'inia ukingoni mwa paa, inayopokea maji ya mvua na kuyapeleka kwenye bomba la kushukia. Watu wengi hapa Ifakara wanaona ni urembo. Wanajenga, wanapaua, wanapaka rangi, wakifika kwenye gata wanasema "tutaweka baadaye", na hiyo baadaye haifiki. Sisi tuliweka gata kabla ya dari. Hadi leo dari hatuna, ukilala chali unahesabu misumari.

Sababu ilikuwa chumba cha mama. Nyumba yetu mama aliijenga kwa mpunga, chumba kimoja kimoja, mavuno kwa mavuno. Vyumba vya mbele ni tofali za kuchoma. Cha nyuma, kile cha kwanza kabisa, alikijenga na baba wakiwa bado vijana hawana kitu, kwa tofali mbichi za udongo. Baadaye akakipiga plasta ya saruji kikapendeza, mgeni hawezi kujua. Lakini ndani ni udongo uleule, na udongo wa Ifakara ukinywa maji unalainika kama ugali wa jana. Mafundi wangapi walimwambia akibomoe akijenge upya? "Thubutu!" aliwajibu. Humo alinizaa mimi, akamzaa mdogo wangu, na humo baba alikata roho akiwa amemshika mkono.

"Hiki chumba kinaishi kwa gata," alituambia. "Siku mtakayozembea, kitakaa chini." Halafu anaongeza neno ambalo tukiwa wadogo lilituogopesha, tukiwa wakubwa tukalizoea: "Na nikifa nitolewe humu. Msije mkanitoa sebuleni kama mgeni aliyekuja kusalimia."

Kusafisha gata alinifundisha yeye. Ngazi unaiegemeza kwenye ubao wa ukingoni mwa paa, ule mafundi wanaouita fishabodi, na kabla ya kufanya lolote unaifunga kamba kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Usiiegemeze kwenye gata yenyewe, itakunjika. Unapanda na ndoo na kidumu cha mafuta ya kula kilichokatwa mshazari, unachota taka kwa kidumu, unatia ndoo, unashuka nayo. Mama alikuwa mkali sana kwa mtu anayesukuma taka ziingie bombani ili amalize haraka. "Hujasafisha," anamwambia, "umeficha."

Na taka za kwetu si za mchezo. Jani la mtiki ni pana kama sahani, likilala kwenye mdomo wa bomba limeshakuwa kifuniko. Juu ya hayo kuna mashine ya kukoboa mpunga, nyumba ya nne kutoka kwetu, inapuliza pumba kutwa kucha msimu mzima, pumba zinatua kwenye mabati yetu, umande unazishikamanisha, zinakuwa tope. Mwaka mmoja nilipanda nikakuta mpunga umeota kwenye gata, mbichi, umesimama, karibu utoe suke. Mtani wangu alikuwa chini ameshika ngazi, nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini, akaiachia ngazi. "Watu wanakwenda mashamba ya Mbingu kulima," akasema, "wewe unalima juu ya paa! Palilia basi, ndege wanakuja!"

Ukimaliza kuchota, unamwaga ndoo ya maji upande wa mbali, unasimama upande wa bomba, unasikiliza. Maji yakifika kwa mwendo mmoja, gata iko sawa. Yakisitasita, kuna mahali imelala, unakaza vyuma vyake. Mwisho unafunga kipande cha chandarua chakavu kwenye mdomo wa bomba ili majani yasizame. Basi. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini inataka watu wawili, mmoja juu na mmoja wa kushika ngazi.

Na wa kushika ngazi, kwa miaka zaidi ya kumi, alikuwa yeye. Mtani wangu. Kwao Songea, kwetu Mahenge, na anayejua habari za Wangoni na Wapogoro haniulizi tena. Kiwanja chake na changu vimetenganishwa na ua wa matete tu. Alihamia pale akiwa na mtoto mgongoni na masufuria mawili, na siku ya pili tu akaingia jikoni kwetu, akafunua chungu, akala nyama yote, akamwambia mama, "Shikamoo bibi mchawi, mchuzi wako hauna chumvi." Mama akamtupia mwiko. Kuanzia siku hiyo akawa wa kwetu.

Mtani ana ruhusa. Atakutukana, atavaa kanga yako, atabeba kuku wako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, watu wanakushangaa wewe, wanasema huyu hakulelewa. Nilipokuwa juu ya ngazi alikuwa ananiambia, "Nikiachia sasa hivi, narithi shamba lenu lote." Mimi nachota tope la pumba, nammwagia kichwani. Mama akiwa ndani kwenye mkeka anatusikia, anapaza sauti: "Haya nyie! Mzaha mzaha, hutumbuka usaha!" Tunacheka zaidi. Jamani, tulicheka miaka hiyo.

Sasa nieleze jinsi tunavyoishi, maana bila hilo mtu ataniona mjinga, na mjinga nilikuwa, lakini si kwa namna hiyo. Shamba letu la mpunga liko upande wa Mbingu. Mwezi wa kwanza unapofika tunafunga nyumba ya mjini na kuhamia shambani, tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, mpaka mavuno yaishe mwezi wa sita. Kwa hiyo gata za mwezi wa kumi nasafisha mimi. Za mwezi wa pili, mvua zinapotaka kuwa mvua kweli, mimi niko kwenye tope shambani. Hizo alinisafishia mtani, na mavuno yakiisha mchele mpya wa kwanza kukobolewa ulikuwa wake, kabla hata sisi hatujaonja.

Simu nilikuwa napiga nikiwa juu ya kichuguu, ndipo mtandao unapopatikana. Nauliza, "Nyumba yangu iko wapi?" Na yeye kila mwaka ana jipya. Mwaka wa kwanza nyumba iliungua. Mwaka mwingine imechukuliwa na maji, imeonekana ikielea ikielekea mtoni. Mwaka mwingine ameiuza kwa Msukuma kwa ng'ombe wanne na mmoja ana mimba. Mimi namjibu mabaya zaidi. Halafu narudi mwezi wa sita nakuta uwanja umefagiwa, gata nyeupe, chandarua kipya kwenye bomba, na yeye amekaa kwenye kizingiti changu anakula muwa. Kwa hiyo nilijifunza kitu kimoja: kadiri habari zake zilivyokuwa mbaya, ndivyo nyumba yangu ilivyokuwa salama. Nilizisikiliza na kulala usingizi.

Mwaka ninaousimulia, miguu ya mama ilikuwa imegoma. Dungu lina ngazi, hawezi. Kumwacha peke yake Mlabani, hawezi. Mdogo wangu ameolewa palepale Mbingu, ana nyumba nzuri barabarani, akasema mama akae kwake msimu huo, mimi nitakuwa natoka shambani kumwona kila Jumapili. Mama hakutaka. Siku tatu hakutaka kusikia. "Mnanihamisha," akasema. "Mzee akihamishwa harudi."

Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, mpunga ukiingia ghalani, siku inayofuata wewe uko kwenye kitanda hiki. Nakuapia."

"Na gata?"

"Nimesafisha. Za mwezi wa pili atasafisha mtani."

Kabla hatujamwinua kumpeleka kwenye bajaji, alinyoosha mkono akaugusa ukuta wa nyuma, akaupapasa kama unavyompapasa ng'ombe asiyejua kwamba unaondoka. Alikubali kwa sababu ya ahadi yangu, na ahadi yangu niliikalisha juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Mwezi wa pili, nikapanda kichuguu nikapiga simu. Akasema nisubiri palepale, atanipigia yeye, na kweli akapiga. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengi wanaongea, nikadhani yuko gengeni.

"Mtani," akasema, "nimejenga banda langu la wapangaji, halina gata. Nataka nichukue zako za nyuma, na bomba lake."

"Chukua na bati!" nikamjibu. Nilicheka mpaka nikataka kuanguka kichuguuni. "Chukua na kenchi, mlango, choo, vyote chukua!"

"Mmesikia wenyewe!" akawaambia watu wa kule. Wakacheka. Nami nikacheka. Nikashuka nikaendelea kupalilia, moyo mweupe kabisa.

Mwezi wa nne, mvua zilikuwa zinapiga usiku na mchana, barabara ya Mlimba tunayorudia mjini imekatika, nikampata tena. "Mtani, ukuta wa bibi mchawi umeanza kulia."

"Ufute machozi, kanga zangu si unavaa wewe?"

Mwezi wa tano akaniambia: "Mtani, umeanguka."

Mimi nikamwambia, na Mungu wangu alinisikia: "Uzike. Nitakuja kwenye arobaini."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala. Natafuta mahali ambapo sauti yake ilibadilika, mahali ambapo mtu mwenye akili angeshtuka. Sipati. Alisema kwa sauti ileile aliyosemea ng'ombe wanne na mmoja ana mimba.

Mwezi wa sita nilirudi kwanza mimi peke yangu, nifagie, nianike godoro la mama, kesho yake niende kumchukua. Nikafungua mlango wa mbele, kila kitu kiko sawa. Sebule sawa. Tenki la mbele limejaa maji safi. Nikamwita mtani kwa sauti, namtukana kama kawaida, nikawa natembea kuelekea nyuma nikicheka. Nikafungua mlango wa chumba cha mama, jua likanipiga usoni.

Ukuta wa nyuma haukuwepo. Ulikuwa umelala chini, lundo la udongo mwekundu lenye vipande vya plasta, majani yameshaota juu yake. Kitanda kimevunjika katikati. Sanduku la nguo la mama lilikuwa chini ya kifusi, limepasuka. Paa lilikuwa limeshikiliwa na kuta za pembeni, limeinama. Nikatazama juu. Kwenye fishabodi vyuma vya kushikia gata vilikuwepo vyote, vimejipanga, havijashika kitu. Chini yake ardhi ilikuwa na shimo refu lililonyooka, pale maji ya paa zima yalipokuwa yanadondokea masika yote, mguuni pa ukuta.

Nikageuka nikatazama ng'ambo ya ua. Banda jipya la vyumba viwili, mlangoni nguo za wapangaji zimeanikwa, na gata zangu zimening'inia pale. Nilizijua kama unavyojua sufuria zako kwenye msiba wa watu. Moja ina bonde pale nilipoigonga na ngazi, nyingine ina kiraka cha lami nilichokipaka mwenyewe. Zilikuwa safi. Alizisafisha, mwanamke yule! Chandarua kipya kimefungwa mdomoni mwa bomba, kwa fundo langu nililomfundisha mimi.

Alitoka anafuta mikono. Hakukaa kwenye kizingiti changu siku hiyo, alisimama upande wake wa ua.

"Karibu, mtani," akasema.

"Umefanya nini?"

"Si nilikuomba?"

"Uliniomba huku unacheka!"

"Na wewe ukanipa huku unacheka," akasema. "Nikakwambia ukuta unalia, ukanijibu nini? Nikakwambia umeanguka, ukanijibu nini? Mimi nilikuficha lipi?"

Loh! Mimi ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, nilisimama pale kama mtoto aliyeulizwa hesabu asiyoijua. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Hakunificha hata moja. Alinipa ukweli wote, lakini aliuweka kwenye chombo ambacho alijua sitakula. Ningeibiwa na mwizi ningelia, watu wangenionea huruma, ningepona. Huyu alinifanya nifungue mlango kwa mkono wangu nikamwambia karibu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akatuita wote, na majirani wakaja, maana kesi ya wanawake wawili haikosi watazamaji. Hapo ndipo nilipoyajua ya ile simu. Mama mmoja anayeuza nyanya gengeni alisema, bila ubaya wowote, anadhani ni kichekesho: "Siku ile si alituita? Akasema njooni muwe mashahidi, akaweka simu kwenye spika, tukasikia dada akisema chukua na bati. Tulicheka sana!"

Mashahidi. Aliwaita mashahidi kabla hajanipigia. Hasira nilikuwa nayo tangu niliposimama kwenye kifusi, lakini mpaka dakika hiyo nilikuwa bado nampunguzia. Nilikuwa najisemea labda alipitiwa, labda alidhani mvua hazitakuwa kali, labda alitaka kuzirudisha. Wapi! Alikaa akapanga. Alijua ninavyojibu, alijua neno nitakalosema kabla sijalisema, kwa sababu miaka zaidi ya kumi tulikuwa tunafundishana. Kikulacho ki nguoni mwako, na wa kwangu nguo tuliazimana.

Mwenyekiti alijikuna kichwa. "Dada," akasema, "utani hauna kesi. Ukiniletea mtani aliyebeba kuku wako nitamfunga? Mji mzima utanicheka." Mtani akajitolea kurudisha gata. Nikamwambia azile. Gata bila ukuta nifanyie nini?

Kazi iliyonishinda haikuwa hiyo. Kazi ilikuwa kwenda Mbingu.

Mama alikuwa amekaa barazani kwa mdogo wangu, amevaa, kitenge kichwani, kifurushi chake kiko miguuni. Aliambiwa mpunga umeingia ghalani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia haraka, akanyoosha mkono nimwinue.

Nikamdanganya. Nikasema chumba kina unyevu, kinakauka kwanza. Jumapili iliyofuata nikasema napiga plasta upya. Iliyofuata nikasema fundi anaumwa. Na kweli nilikuwa nafyatua tofali, mimi mwenyewe, na mdogo wangu akaja kunisaidia kuzipanga tanuri, tulikuwa tunasubiri zikauke tuzichome kwa pumba. Wiki tano tu nyingine ningekuwa na ukuta. Kila Jumapili mama aliuliza swali moja, hakuuliza la mpunga, hakuuliza la watu. "Gata umesafisha?" Nikajibu, "Nimesafisha, mama." Nilimwona akinitazama usoni. Mtu aliyekuzaa unamdanganya vipi? Alijua kuna kitu, akakaa nacho kimya, labda ili asinitie aibu.

Tofali zilikuwa hazijaingia motoni alipofariki. Alifia kwa mdogo wangu, kwenye chumba kizuri chenye dari.

Tukamleta Mlabani, jeneza tukaliweka sebuleni kwa sababu hapakuwa na pengine. Watu walijaa. Na watani wakaja, kama inavyotakiwa. Huwezi kumfukuza mtani msibani. Kazi yao ni kuwachekesha wafiwa, wamwige marehemu, wadai hiki na kile, watu wapumue. Nilimwona anaingia uwanjani amejipaka majivu usoni, ameinama, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye fimbo, anatembea mwendo wa mama kabisa, ule wa kuvuta mguu wa kushoto. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema.

Mabegani alikuwa amejitanda kanga ya mama, ile ya zambarau.

Kanga ile mimi niliitafuta chini ya kifusi siku mbili. Ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chumbani, na ukuta uliangukia sanduku. Kwa hiyo kuna siku, kabla ukuta haujaanguka, mtu huyu aliingia kwa ufunguo niliomwachia, akauona unavyolia, akafungua sanduku, akaokoa kanga. Kanga aliokoa.

Akaja akasimama mbele yangu, akaninyooshea kidole cha mama. "Mwanangu! Mbona chumba changu hakina ukuta?" Watu wakacheka. "Nani kanibomolea? Si yule Mngoni wako? Mwizi yule! Kaniulia nyumba, sasa kaniua na mimi! Mfungeni!"

Uwanja mzima ukalipuka. Wazee walipiga makofi. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amemeza kitu siku mbili, alicheka huku machozi yanamtiririka. Wote wakanigeukia, wanasubiri.

Nikacheka. Jamani, nilicheka! Mdomo ulifunguka wenyewe, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani. Alikuwa ananiambia ukweli mbele ya watu wote, kwa sauti ya mama yangu, na mimi nikacheka. Nilimchukia siku ile kuliko siku niliyokuta kifusi, na mimi mwenyewe nilijichukia zaidi yake.

Katekista alipomaliza sala, wanaume wakanyanyua jeneza, wakageuka kuelekea mlango wa mbele.

"Hapana," nikasema. "Atatokea chumbani kwake."

Wakatazamana. Mmoja akasema kule nyuma hakuna mlango, dada. Nikamwambia kuna nafasi kubwa kuliko mlango. Wakazunguka na jeneza, wakaingia chumba cha mama, wakapita kati ya kuta mbili zilizobaki, juu ya sakafu niliyoifagia asubuhi ile. Mbele yao ulikuwa uwazi, na uwani, na watu.

Mtani alikuwa ameshawahi. Alisimama kwenye ule uwazi, pale pale ulipokuwa ukuta, mikono ameitanua huku na huku. "Hapiti mtu! Maiti huyu wetu! Nilipwe kwanza!"

Hiyo nayo ni kazi ya watani, na dawa yake inajulikana. Mdogo wangu alikuwa ameshaandaa kuku, amemshika miguu. Nikaushusha mkono wake. Nikatazama juu ya kichwa cha mtani, kwenye fishabodi tupu na vyuma vyake. Nikamtazama yeye.

"Chukua na bati," nikamwambia.

Watu wakacheka, maana neno hilo walilijua, mtaa mzima ulilisikia kwenye simu. Mimi sikucheka. Niliendelea kumtazama, na nyuma yangu nikasikia vicheko vinakatika kimoja kimoja, mpaka nikasikia pumzi za wale waliobeba. Mtani hakosi jibu. Alifungua mdomo anipe langu, nikamsubiri. Mikono yake ikashuka kwanza, halafu kanga ya mama ikamponyoka begani ikaanguka kwenye udongo, hakuinama kuiokota.

Akasogea pembeni. Mama akapita.